Lipa au Tunafunga Njia: Kutoka Mateka wa 1888 Mpaka Wadukuzi wa Kampuni za Kubeti

Mwaka 1888 Wazungu wawili walikuwa wakitoka milima ya Usambara kurudi pwani. Mmoja alikuwa Mjerumani mwenye hela zake, mtoto wa familia iliyokuwa na kampuni kubwa ya vitabu kule Leipzig. Mwenzake alikuwa Mwaustria, fundi wa kuchora ramani. Safari yao ilikuwa ya Kilimanjaro, ila haikufika. Mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ya Kijerumani ilikuwa imepandisha bendera yake Pangani, ikitaka kushika forodha na mji, na watu wa pwani wakagoma. Vita ikawaka. Wale wawili wakaangukia mikononi mwa wapiganaji, wakatiwa minyororo, na masharti yakawa mepesi kuelewa: lete pesa, utoke. Zikalipwa rupia kama 10,000. Wakaachiwa.

Kwa waliowakamata ile ilikuwa vita ya kutetea kwao, na kila vita ina gharama zake. Lakini cheki alichofanya yule Mjerumani baadaye. Mwaka uliofuata alirudi. Njia ya Pangani akaiacha, akaanzia Mombasa na kupita Taveta. Safari hii alipanga kambi za akiba ya chakula mlimani, ili akishindwa leo ajaribu tena kesho bila kuanza upya kutoka chini. Tarehe 6 Oktoba 1889 akawa kileleni Kilimanjaro. Fidia ilikuwa imemtoa kwenye minyororo tu. Kilichompandisha juu ni kubadili njia na kujipanga.

Miaka 115 baada ya ile minyororo, bosi mmoja wa kampuni ya kubeti huko Costa Rica alifungua barua pepe na kukuta maneno ya aina ileile: lete pesa, la sivyo biashara yako imekwisha. Hakuna aliyefungwa pingu. Kilichofungwa ni tovuti. Na swali lililomkuta yeye ndilo linalozikabili leo kampuni za kubeti na za karata za mtandaoni, zikiwemo zile ambazo vijana wa Lushoto, Soni na Mombo wanawekea mikeka yao kila wikiendi. Unalipa? Unakaa kimya? Au unafanya nini?

Hongo na fidia

Watu wa zamani walijua tofauti moja ambayo mabosi wengi wa mtandaoni waliijua wakiwa wamechelewa. Karne ya 19 misafara ya biashara iliyopita bara ilitoa hongo kwa watawala wa njiani. Neno hilo leo lina sura mbaya, lakini enzi zile lilikuwa malipo ya kupita. Mpokeaji alijulikana jina, ukoo na mji. Ukishalipa, alikuwa na sababu ya kukulinda, maana msafara ukiporwa kwenye ardhi yake, mwaka ujao wafanyabiashara wangetafuta njia nyingine.

Usambara yenyewe ni mfano wa nguvu ya kukaa njiani. Makao ya wafalme wa Wakilindi yalikuwa Vuga, juu milimani. Ila biashara ya pembe, vitambaa na bunduki ilipoanza kupita kwa wingi kwenye bonde la chini, mmoja wa wana wa mfalme alishuka akajenga makao Mazinde, kando ya njia ya misafara. Baada ya muda mtu wa Mazinde akawa na nguvu kuliko mtu wa Vuga. Kumbe aliyeshika njia anaweza kumtikisa mwenye kiti.

Mdukuzi wa leo naye anakaa njiani. Lakini yeye hana Mazinde. Hana jina, hana mji, hana cha kupoteza ukimtangaza kwamba ameenda kinyume na ahadi. Kwa hiyo ukimlipa, unatoa fidia bila kupata hata kile kidogo ambacho hongo ya zamani ilikupa.

Fikiria barabara ya Mombo

Kabla ya kwenda mbele, lazima ieleweke shambulizi lenyewe linafanyaje kazi. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto ina kilomita kama 33, ina kona za kufa mtu, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Siku za kawaida inapitisha mabasi, bodaboda, na malori ya kabichi, karoti na viazi yanayoshuka kwenda Tanga na Dar.

Sasa chukulia mtu mwenye roho mbaya ameleta malori elfu tano matupu, yote yapande mlima asubuhi moja. Hayajabeba kitu, wala madereva hawana shida ya kufika. Kazi yao ni kujaza barabara. Hakuna aliyevunja duka Lushoto. Hakuna aliyeiba kabichi hata moja. Ila mji umefungwa, na mboga zinaoza.

Hilo ndilo shambulizi la DDoS. Mdukuzi anakamata maelfu ya kompyuta na vifaa vya watu wasiojua, anaviamuru vyote vigonge tovuti moja kwa wakati mmoja, na seva inalemewa. Wewe mwenye mkeka unaona kiduara kinazunguka tu. Mara nyingi hela yako haijaguswa, ila huna njia ya kuifikia.

Kampuni za kubeti ni windo tamu kwa sababu biashara yao ina saa. Duka la nguo likifungwa saa tatu, mteja anaweza kurudi kesho. Mechi ikishaisha imeisha. Ndiyo maana washambuliaji huchagua siku kubwa: fainali ya mpira wa Kimarekani, wiki ya mbio kubwa za farasi. Kwa Tanzania, siku hiyo ingekuwa ya Simba na Yanga.

Costa Rica, 2003

Rudi kwa yule bosi. Mapema mwaka 2003 alishawahi kudaiwa kitu kidogo, dola 500. Akalipa, yakaisha. Au alidhani yameisha. Mwezi Novemba, wikiendi ya kubeti kwa wingi Marekani, ikaja barua mpya, na safari hii walitaka dola 40,000. Mitambo ya ulinzi aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya siku kama hiyo ilizidiwa ndani ya dakika chache.

Safari hii aligoma. Akamtafuta kijana mmoja wa Marekani, mtaalamu wa mitandao, umri miaka ishirini na kitu. Kijana naye akafanya kile ambacho yule mpanda mlima alikifanya 1889: akabadili njia. Badala ya wateja kwenda moja kwa moja kwenye seva za Costa Rica, trafiki yote ikapitishwa kwanza kwenye kituo kingine Marekani, kikubwa zaidi, ambacho kilichuja malori matupu na kuruhusu yenye mzigo yaendelee. Washambuliaji wakaongeza nguvu, naye akaongeza vichujio. Vuta nikuvute hiyo iliendelea kwa wiki kadhaa, ikala hela nyingi kuliko ile dola 40,000, mpaka washambuliaji wakachoka. Kazi ile ilizaa kampuni nzima ya kulinda tovuti, ambayo baadaye ilinunuliwa na Akamai ya Marekani.

Hapo kuna somo la bei. Aliyelipa 500 alirudiwa na bili mara themanini yake. Kwenye biashara hii, malipo ya kwanza yanakuandika kwenye orodha ya wanaolipa.

Lakini kugoma nako si bure, na asiyesema hivyo anadanganya. Mwaka uleule kampuni moja ya kubeti ya Uingereza iligoma kutoa dola 10,000. Tovuti yake ikaangushwa wakati wa mbio kubwa za farasi za Breeders' Cup, na hasara ikahesabiwa kuwa zaidi ya dola 200,000 kwa siku. Kwa hesabu ya siku moja, mgomo ule ulikuwa wa kijinga. Kwa hesabu ya miaka, ushahidi wa makampuni yaliyokubali kushirikiana na polisi ndio ulioweka watu jela. Mwaka 2004 polisi wa Uingereza na wa Urusi walikamata kundi lililokuwa likifanya kazi hiyo, na Oktoba 2006 mahakama moja ya mkoa wa Saratov, Urusi, iliwahukumu vijana watatu miaka minane kila mmoja. Kama kila kampuni ingelipa kimya kimya, polisi wangefuatilia kitu gani?

Mwizi akiwa ndani

Mpaka hapo adui yuko nje. Historia ya karata za mtandaoni ina sura nyingine, na hiyo ndiyo iliyoumiza wachezaji zaidi.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliangalia programu ya kuchanganya karata iliyotumiwa na chumba cha kwanza cha poka ya pesa mtandaoni. Waliotengeneza programu walikuwa wameiweka hadharani wenyewe, ili kuonyesha kwamba mchezo ni wa haki. Watafiti wakagundua mchanganyo ulitegemea saa ya kompyuta. Ukikadiria saa ya seva na ukaona karata chache za mwanzo, ungeweza kujua mkono wa kila mtu mezani. Kasoro ikatangazwa, ikarekebishwa. Wenye programu waliaibika, lakini uwazi wao ndio uliofanya kasoro ionekane na watu wema kabla ya wezi.

Linganisha na 2007. Kwenye tovuti ya Absolute Poker, wachezaji walianza kushangaa mtu mmoja anayeshinda kana kwamba anaona karata za wengine. Wakalalamika. Kampuni ikakana. Mchezaji mmoja akaomba kumbukumbu za mashindano aliyopoteza, na kwa bahati akatumiwa faili lenye mambo mengi kuliko alivyotakiwa kuona: karata za wachezaji wote na anwani za mtandao. Wachezaji wenzake wakakaa na faili hilo usiku na mchana, wakaunganisha nukta. Akaunti fulani ilikuwa inaona kila kitu, na uzi ulielekea ndani ya kampuni yenyewe.

Msimamizi wao, tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake huko Kanada, iliitoza kampuni faini ya dola 500,000, na wachezaji wakarudishiwa kama dola milioni 1.6. Tovuti dada, UltimateBet, ikakutwa na ugonjwa uleule kwa kiwango kikubwa zaidi: marejesho ya takriban dola milioni 22 na faini ya milioni 1.5. Waliofichua hawakuwa wakaguzi wenye suti. Walikuwa wateja ambao awali walionekana ni wapiga kelele waliofungwa na hasira.

Pesa ya mteja inakaa wapi?

Desemba 2014 mtandao mmoja wa poka uliandaa mashindano ya dola milioni moja. Katikati ya mchezo likaja shambulizi, wachezaji wakaanza kukatika mezani, wengine karata nzuri ziko mkononi. Waandaaji wakasimamisha mchezo wote na kurudisha viingilio. Waliokuwa wanaongoza walinuna, na wana haki ya kununa. Ila kila mtu alipata alichoweka, na mtandao ule uliendelea na biashara.

Kurudisha kunawezekana tu kama hela ipo. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilipozifungia tovuti kubwa za poka, PokerStars iliweza kuwalipa wateja wake wa Marekani ndani ya muda mfupi kwa sababu hela zao zilikuwa zimetengwa. Full Tilt ilikuwa hadithi nyingine. Waendesha mashtaka walisema ilikuwa inadaiwa na wachezaji duniani kama dola milioni 390 huku benki kukiwa na milioni 60 tu. Hilo halikuwa shambulizi la wadukuzi, lakini linaonyesha kwa nini mteja anapaswa kuogopa tovuti ikizimika. Kiduara kinachozunguka kinaweza kuwa na mdukuzi nyuma yake. Kinaweza pia kuwa na kampuni iliyokula salio lako.

Huku nyumbani

Afrika Mashariki imeshaonja. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulilemewa na shambulizi la DDoS. Watu walikwama kwenye maombi ya viza, tiketi za treni na malipo. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililohusika. Waziri husika alijitokeza, akakiri kuna shambulizi na kusema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan kwa kuhusika na kundi hilo. Kama mfumo wa serikali nzima unaweza kuzibwa, kampuni ya kubeti isijione ina kinga.

Na Lushoto inahusika vipi? Kupitia simu. Kijana wa bodaboda pale Soni anaweka buku mbili kwa M-Pesa, anasuka mkeka wa mechi nane au anarusha kindege, na akishinda salio linakaa kwenye akaunti ya kampuni ambayo hajawahi kuona ofisi yake. Duka la kubeti mjini ungeweza kulifuata, ukagonga dirisha. Tovuti ikizimika, anagonga wapi?

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamfanya anayevuruga mfumo wa kompyuta kuwa mhalifu. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inatoa leseni na inaweza kuzinyang'anya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu atoe ripoti kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usalama wa taarifa hizo ukivunjwa. TCRA nayo ina kitengo cha TZ-CERT kwa matukio ya kimtandao. Kampuni iliyoshambuliwa haina sababu ya kusema haikujua pa kwenda.

Ukijumlisha historia yote hiyo, mambo ya kufanya yanajipanga yenyewe.

Kwanza, usilipe, na amua kutolipa kabla barua haijaja. Uamuzi wa saa mbili kabla ya derby, tovuti iko chini na simu zinalia, huwa uamuzi wa woga. Hela ambayo ungetoa fidia itumie mapema kununua njia ya pili na vichujio, kisha vijaribiwe siku ya kawaida, si siku ya mechi.

Pili, sema mapema. Ndani ya saa ya kwanza mteja apate ujumbe wa SMS wenye mambo matatu: nini kimezimika, salio liko salama au bado linachunguzwa, na taarifa inayofuata itakuja saa ngapi. Wapo mabosi wanaosema ukitangaza unaleta taharuki. Taharuki huja hata ukinyamaza, ila inakuja na waongo. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku kampuni inapokuwa kimya, matapeli ndio wanakuwa huduma kwa wateja: tuma namba ya siri tukurudishie salio lako. Kampuni ikiwahi kusema haitaomba namba ya siri kwa mtu yeyote, imeokoa wengi.

Tatu, kanuni ya mkeka iandikwe kabla. Uliowekwa kabla ya shambulizi unasimama, maana matokeo ya mechi hayategemei seva. Aliyekuwa anabeti mechi ikiendelea akazuiwa kutoa hela yake mapema, arudishiwe dau au afidiwe kwa hesabu inayojulikana. Mashindano ya karata yaliyokatika yawe na utaratibu wa kugawa au kurudisha. Kanuni inayotungwa baada ya ajali huwa inampendelea mwenye nyumba.

Nne, hela za wateja zikae akaunti yake, mbali na za matangazo, mishahara na jezi.

Tano, msikilize anayelalamika. Mfanyakazi akisema mteja mmoja anashinda kwa namna isiyoeleweka, au wateja ishirini wakisema salio limepungua usiku, kumbukumbu zitunzwe na mkaguzi wa nje aitwe. Kukana kwanza na kuchunguza baadaye kuliigharimu Absolute Poker jina lake.

Haya yote yanaonekana ni ya kampuni kubwa zenye hela. Ila mzigo wa kukaa kimya haubebwi na kampuni peke yake. Unabebwa na mtu ambaye jana alishinda elfu sabini, akaahidi nyumbani kwamba ada ya mdogo wake imepatikana, na leo anaangalia kiduara kinazunguka. Hajui kama ni mtandao wa Lushoto unasumbua kwa sababu ya mvua, kama ni wadukuzi, au kama kuna mtu ofisini amekula chake. Mistari mitatu ya SMS ingemtoa kwenye giza hilo, na gharama yake haifiki hata bei ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo kabla hujasuka mkeka wa wikiendi hii, fungua ukurasa wa kanuni wa kampuni unayoitumia na utafute kitu kimoja tu: tovuti ikizimika mechi ikiendelea, hela yako inakuwaje? Kama jibu halipo, usiache salio humo. Toa unachoshinda siku hiyohiyo.